Pikipiki inayofichwa isiachwe na esansi ndani

MUDAKA, Kabare – Katika parsele za Mudaka, pembeni ya barabara ya taifa namba 2 inayotoka Bukavu kuelekea Miti, Kavumu na Kalehe, kuna pikipiki ambazo hazijatembea tangu miezi. Moja iko nyuma ya mlango wa jiko, imefunikwa bashi. Nyingine iko katika chumba ambamo watoto wa wageni wanalala, imeegemezwa ukutani, na nguo zimetundikwa juu ya usukani. Mwenyewe alihama, au motari aliyekuwa akiiendesha alihama, au yuko hapahapa lakini anaogopa kuitoa barabarani.

Wengi waliozificha walikuwa wanafikiri juu ya wezi. Walitoa ufunguo, wakaficha karatasi zake, wengine wakatoa hata buji ili mtu asiweze kuiwasha. Walifanya vizuri. Lakini kuna kitu kimoja walikiacha ndani ya tangi, na kitu hicho kinaharibu pikipiki polepole bila mwizi yeyote kuigusa. Ni esansi yenyewe.

Sababu ya kuficha inajulikana na kila mkaaji. Mwezi wa pili wa 2025, uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa na M23 tarehe 14, na siku mbili baadaye ikawa zamu ya mji wa Bukavu. Watu waliotoka upande wa Kalehe walikuwa wamekwisha kuteremka na mizigo kichwani, wakapita Katana, wakapita Kavumu, wengine wakabaki hapa kwa ndugu, wengine wakaendelea. Benki zilifungwa. Kazi ya motari ilipungua fasi nyingi, kwa sababu abiria hakuwa na franga na barabara haikuwa na usalama. Wenye umri wanakumbuka kwamba haikuwa mara ya kwanza: 1996, 1998, na 2004 pia watu walifunga nyumba zao wakaondoka bila kujua watarudi lini. Tofauti ni kwamba sasa mali ya kwanza ya kijana wengi si ng'ombe wala shamba. Ni pikipiki. TVS au Boxer ndiyo shamba lake. Kwa hiyo ndiyo inalisha watoto, inalipa shule na inatoa mchango wa likelemba.

Ndiyo maana jambo hili linastahili kusemwa wazi. Pikipiki inayowekwa kwa zaidi ya mwezi mmoja itolewe esansi yote, kwenye tangi na kwenye kabureta, siku ileile inapowekwa. Mtu asingojee dawa yoyote. Na esansi iliyotolewa isilale ndani ya nyumba ambamo watu wanalala.

Neno dawa linatajwa kwa sababu vijana wenye simu wamekwisha kuliona. Katika nchi za baridi, kama Kanada, Ubelgiji au Uswidi, mwenye pikipiki anaiweka toka mwezi wa kumi au wa kumi na moja mpaka mwezi wa tatu au wa nne, kwa sababu barabara zina theluji na barafu. Kabla ya kuiweka, anajaza tangi na kumimina humo chupa ndogo ya dawa ya kulinda esansi. Ndugu walioko kule wanaielezea, na kijana wa hapa anauliza kama inaweza kuletwa.

Dawa hiyo ni ya kweli, si uongo wa wachuuzi. Inazuia esansi isishikwe haraka na hewa, na watengenezaji wake wanaahidi kwamba inaweza kulinda esansi mwaka mzima, wengine hata miaka miwili. Lakini ina masharti mawili ambayo wengi hawayasikii. Kwanza, inatiwa katika esansi mpya. Esansi ikishazeeka, dawa haiwezi kuifanya kijana tena. Pili, baada ya kuitia ni lazima injini iwashwe dakika tano au kumi, ili esansi yenye dawa ifike mpaka ndani ya kabureta. Mtu anayemimina dawa katika tangi na kufunika pikipiki bila kuiwasha amelinda tangi tu, na tangi si fasi inayougua kwanza.

Sasa, esansi inayouzwa na kadhafi pembeni ya barabara, ndani ya chupa au bidoni ya njano, ilitoka wapi? Mafuta ya mashariki ya Kongo yanafika melini, Mombasa au Dar es Salaam, kiisha yanapanda malori kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Yanalala katika depo, yanahamishwa, yanapimwa na kopo, yanakaa juani. Hakuna anayejua umri wake siku inapoingia katika tangi. Na wamotari wanalalamika kila mara kwamba kuna wanaochanganya na petroli ya taa ili faida iongezeke. Kutia dawa ya bei katika esansi ya namna hiyo ni kama kumpaka mafuta mazuri mtu ambaye hajaoga.

Ili kuelewa kwa nini esansi inaharibu, fikiri kwamba si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, vingine vyepesi, vingine vizito. Vile vyepesi ndivyo vinavyowaka haraka na kufanya injini iamke kwa kiki ya kwanza. Hivyo ndivyo vinavyotoka kwanza na kupotea hewani, hata kama kifuniko kimefungwa, maana tangi la pikipiki lina tundu la kupumulia. Vile vinavyobaki vinaungana na hewa na kugeuka polepole kuwa kitu cha kunata, kama utomvu wa mti. Baada ya miezi mitatu hivi bila ulinzi, esansi nyingi zinaanza kuonyesha dalili: rangi inakuwa nzito, na harufu inabadilika, inakuwa chungu kama ya rangi ya kupaka mbao.

Utomvu huo unakwenda kukaa katika kabureta. Chini ya kabureta kuna kikombe kidogo chenye esansi kidogo sana, na esansi kidogo inazeeka haraka kuliko nyingi. Juu ya kikombe hicho kuna jikleri, vishaba vidogo vyenye tundu jembamba kama la sindano. Jikleri ndogo, ile inayolisha injini wakati wa kuwaka na wakati wa kungurumia fasi moja, ndiyo inaziba kwanza. Hapo mwenye pikipiki anapiga kiki mpaka mguu unavimba. Anabadilisha buji. Analaumu bateri. Anaamini kwamba mtu amemroga au ameibiwa kipande. Kumbe ni tundu moja tu limezibwa na esansi ya mwaka jana.

Tangi nalo lina ugonjwa wake. Mudaka iko juu, usiku una baridi na mchana kuna jua, na toka mwezi wa tisa mpaka wa tano mvua haikosekani. Tangi la chuma lililojazwa nusu linavuta hewa yenye unyevu usiku likipoa, na kuigeuza matone ya maji. Maji ni mazito kuliko esansi, yanateremka chini, na chuma kinaanza kutu. Siku pikipiki inapoamshwa, kutu inateremka pia na kumaliza kazi ambayo utomvu ulianza.

Kuna wamotari wanaopinga, na hoja yao si ya kupuuza. Wanasema: usiku watu wakianza kukimbia, pikipiki yenye esansi inaokoa mama mjamzito, mzee na mtoto. Pikipiki kavu haiokoi mtu. Ni kweli. Kwa sababu hiyo, pikipiki ambayo mwenyewe yuko nayo na anaweza kuiendesha isikaushwe. Iwe na esansi mpya, na iamshwe na kutembezwa kila juma, hata kama ni mpaka sokoni na kurudi. Kuiwasha tu kwa dakika mbili na kuizima haitoshi, maana injini haipati joto na maji yanabaki ndani ya ekozo. Lakini pikipiki iliyoachwa kwa mtu ambaye hajui kuiendesha, ambaye hana ufunguo, au ambaye amekatazwa kuigusa, haitaokoa mtu usiku wowote. Hiyo inabeba esansi bure. Na baada ya mwaka, hata kama ufunguo upo, esansi hiyo haitaiwasha.

Wengine wanasema tangi tupu nalo linashika kutu. Nao wana haki, lakini dawa ya hilo iko kwa kila fundi: mafuta ya injini, kiasi cha vijiko vichache, yanamiminwa ndani ya tangi kavu, pikipiki inainamishwa kushoto na kulia mpaka mafuta yapake kuta zote. Hiyo haihitaji chupa kutoka Ulaya.

Kuna faida nyingine ambayo haizungumzwi sana. Mwizi wa usiku anataka kitu kinachowaka na kuondoka. Pikipiki isiyo na tone la esansi inamlazimisha kusukuma, na kusukuma pikipiki katika matope ya Kabare kunafanya kelele na kunachosha. Si kinga kamili, kwa sababu anayekuja na gari na silaha atapakia tu. Lakini wezi wengi hawaji na gari.

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi kuliko kabureta.

Katika Kiswahili cha Bukavu, pikipiki inaitwa moto, na moto wa jikoni unaitwa moto pia. Watu wanacheka juu ya hilo. Katika nyumba nyingi za Mudaka vitu hivyo viwili vinalala katika chumba kimoja. Wahamaji wengi wa Kivu ya Kusini hawakai kambini. Wanapokelewa na jamaa. Nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na watu sita sasa ina kumi na wawili. Mbabula inaingizwa ndani jioni kwa sababu ya baridi na mvua. Pikipiki inaingizwa ndani kwa sababu ya wezi. Na bidoni ya esansi inawekwa chini ya kitanda kwa sababu bei inaweza kupanda kesho.

Esansi haingoji joto ili iwake. Mvuke wake unaweza kushika moto hata katika baridi kali kuliko ile ambayo Kabare imewahi kuona, kwa kuwa unatoka hata esansi ikiwa nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi kwenye dari kama moshi, unatambaa chini sakafuni, unapita chini ya mlango, na unatafuta mbabula, mshumaa au sigara. Mtu anaweza kuwa mbali na bidoni hatua nyingi na bado moto ukamrudia. Robine iliyochoka inayodondosha inaweza kuleta mvuke wa hatari katika chumba kilichofungwa usiku kucha.

Jimbo hili limekwisha kulipa somo hilo. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, huko Sange, kwenye barabara ya Uvira, lori lililobeba mafuta lilipinduka. Watu walikaribia, wengine na vyombo vya kuchota, na wengine walikuwa katika nyumba za karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, watu zaidi ya 230 walikufa. Lori ni lori na bidoni ni bidoni, mtu atasema. Lakini tangi la Boxer linabeba karibu lita 10 au 11, na lita hizo ndani ya chumba chenye watoto wanane na mlango mmoja hazihitaji kuwa lori.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayepokea pikipiki ya ndugu ana haki ya kusema: «Yaya, pikipiki itaingia, esansi itabaki nje.» Hilo si tusi. Na mgeni anayeleta pikipiki asingoje aambiwe. Papa aliyempa fasi ya kulala tayari amempa zaidi ya alichokuwa nacho. Kumwongezea hatari ya kuungua ni deni lisilolipika.

Esansi iliyotolewa iende wapi? Jibu rahisi ni kumpa au kumuuzia motari ambaye ataiunguza leo. Kama ni nzuri, haitakosa mtu. Isimwagwe katika mfereji, maana maji ya mifereji yetu yanateremkia Ziwa Kivu na mashamba ya njiani. Isitiwe katika taa ya petroli. Isimwagwe kamwe juu ya makaa ili mbabula iwake haraka. Wanaofanya hivyo wanategemea bahati, na hospitali zetu zinajua bahati hiyo inaishia wapi. Petroli ya taa na esansi si ndugu wa kulala taa moja.

Namna ya kufanya kazi yenyewe haichukui nusu saa. Pikipiki inatolewa nje, mbali na jiko, injini ikiwa imepoa, na hakuna anayevuta sigara karibu. Mpira unaotoka kwenye robine unachomolewa upande wa kabureta, unaelekezwa katika bidoni safi, na robine inafunguliwa mpaka tangi linyamaze. Kwa kabureta, chini ya kile kikombe kuna skurubu ndogo; inalegezwa na esansi iliyobaki inadondoka yote. Asiyetaka kugusa skurubu afunge robine kabla hajakausha tangi, awashe injini na kuiacha ingurume mpaka izimike yenyewe. Afanye hivyo nje, si ndani ya nyumba iliyofungwa, kwa sababu moshi wa ekozo unaua mtu bila kumwamsha. Skurubu ni bora, lakini injini iliyozimika kwa njaa ni bora kuliko kabureta iliyojaa.

Baada ya hapo ndipo mafuta ya injini katika tangi, na kijiko kimoja katika tundu la buji, kiki zipigwe polepole mara tatu au nne, buji irudi. Bateri itolewe, waya wa kutoa kwanza, iwekwe fasi kavu ambapo watoto hawafiki. Bateri ya asidi inajimaliza yenyewe hata ikikaa bure, kwa hiyo mwenye panel ya jua aiongeze moto mara moja kwa mwezi. Pikipiki isimame kwenye stendi ya kati ili tairi zisibebe uzito fasi moja. Kitambaa katika mdomo wa ekozo kinazuia panya. Bashi isifungwe kama mzigo wa sokoni. Iache hewa ipite chini, la sivyo unyevu unabaki ndani na chuma kinaoza kikiwa kimefunikwa vizuri.

Linabaki swali la pesa, na hapo ndipo ugomvi unazaliwa. Pikipiki nyingi si mali ya motari. Ni za patro ambaye anapokea verseme kila siku au kila juma. Vita inapoingia, motari anaiweka kwa shangazi yake Mudaka, patro yuko Bukavu au amevuka mpaka. Miezi inapita. Siku patro anaporudi, pikipiki haiwaki, na neno la kwanza ni: «Umeniharibia chombo.» Fundi anadai pesa ya kusafisha kabureta, kubadilisha jikleri, mpira, pengine na tangi. Motari ambaye hakufanya kazi miezi yote hiyo anaambiwa alipe kutoka katika verseme zijazo. Kuna wanaoianza kazi tena wakiwa na deni.

Hilo si haki. Motari alifanya kazi ya mlinzi bila mshahara. Kuzeeka kwa esansi si kosa la dereva, ni kazi ya wakati. Patro anayetaka chombo chake kikae vizuri atume neno, hata kwa sauti ya WhatsApp, kwamba tangi likaushwe, na akubali kupoteza hizo lita chache. Akinyamaza, gharama ya kabureta ni yake. Motari naye akipewa neno hilo na akakataa kwa uvivu, au akauza esansi na kuacha kabureta imejaa, basi achangie. Wenye busara wanapatana mapema, mbele ya mtu mzima mmoja wa parsele: pikipiki imewekwa tarehe fulani, kilomita kadhaa, tangi kavu, bateri iko kwa fulani, ruhusa ya kuitumia ipo au haipo. Karatasi ya daftari na sahihi mbili zinatosha. Vyama vya wamotari, ambavyo vinajua kukusanya michango barabarani, vingeweza kuchapa karatasi hiyo na kuigawa kwa wanachama wao. Ingekuwa kazi inayoonekana.

Kwa wanaorudi sasa na kufungua bashi: msipige kiki kwanza. Fungueni kifuniko na mnuse. Esansi ikiwa na harufu ya rangi au imekuwa ya kahawia, isitumike na isiongezwe mpya juu yake, maana mpya itabeba uchafu wa zamani mpaka katika jikleri. Itolewe yote. Kabureta ishushwe, jikleri zisafishwe kwa hewa na esansi safi. Fundi anayechokora tundu kwa waya mnene ataipanua, na pikipiki itakunywa mpaka mwisho wa maisha yake. Mafuta ya injini yaliyokaa mwaka yabadilishwe. Breki zijaribiwe kabla ya kupakia mtu. Kiisha lita moja ya esansi mpya, kutoka kituo chenye pampu kama inawezekana, na kiki. Kijana ambaye fundi amemwambia kwamba injini imekufa na kwamba auze pikipiki kwa bei ya vyuma, atafute fundi wa pili kabla ya kupokea hizo dola. Pikipiki nyingi zilizouzwa hivyo zimeonekana barabarani juma lililofuata, zikipakia abiria kwa mwenye mpya.

Na ile dawa ya chupa? Ina fasi yake, lakini si hapa kwenye pikipiki iliyofichwa. Fasi yake ni kwa wale ambao hawawezi kukausha tangi: kituo cha afya chenye jenereta ndogo ya esansi inayongoja umeme ukatike katikati ya mama kuzaa, au redio ya jamii inayongoja saa ya habari. Jenereta hizo zinaweza kukaa majuma mengi bila kazi umeme ukiwapo, kiisha zinatakiwa kuwaka mara moja, usiku, bila fundi. Ndugu wa Kanada akitaka kutuma kitu, atume chupa mbili za dawa kwa kituo cha afya, pamoja na maelezo yake yaliyoandikwa kwa lugha inayosomeka. Mpaka zifike, mlinzi wa jenereta aandike tarehe juu ya kila bidoni kwa makala, atumie ya zamani kwanza, aiwashe jenereta kila baada ya majuma mawili ikiwa imebebeshwa taa, na bidoni zikae katika kibanda cha nje chenye matundu ya hewa, mbali na wagonjwa. Esansi iliyopita miezi mitatu apewe motari wa kituo, aiunguze barabarani ikingali nzuri, na bidoni ijazwe mpya.